Beti za MC Foleni

Sosiot,
3 Septemba 1998

Kwa Fundi Quinter Akeyo, Katito.

Kwa majonzi makubwa, na kwa idhini ya familia yote, natangaza kifo cha kofia yangu ya kahawia, iliyofariki Jumanne saa nne asubuhi baada ya kuliwa na ndama. Marehemu alinitumikia tangu mwaka wa 1981. Ameacha kichwa kimoja chenye upara. Mazishi hayatakuwapo kwa sababu ndama bado anacheua.

Sasa umeshajua ni nani anayekuandikia. Ni mimi Johana Kipkosgei, baba yake Chepkemboi, yule mzee uliyemshonea suruali mwaka wa tisini ukamwambia kiuno chake kimehama bila kuacha anwani. Kimehama tena, Fundi. Miaka sita tangu uondoke, na hapa Sosiot hakuna mtu anayejua kukitafuta.

Nisikupotezee wakati. Tunataka kumkumbuka ndugu yako Calvince, hapa hapa kituo cha majani ya chai, Jumamosi tarehe tano Desemba. Unajua jina la MC Foleni alilipatia wapi. Sisi tunafika na majani saa sita, lori linafika likitaka. Tunakaa juu ya magunia tukihesabu mawingu. Calvince alikuwa akibeba majani ya Mama Rebeccah, na siku moja akachoka kuhesabu mawingu, akaanza kutuhesabu sisi: kila mtu na ubeti wake, kutoka kichwa cha foleni mpaka mkia, Kiswahili na Kipsigis na Kijaluo ndani ya sufuria moja. Baadaye wakamwita Litein, wakamwita Bomet, akapanda jukwaa la Kericho mjini na taa zikammulika. Lakini shule yake ilikuwa foleni.

Sasa ni miaka miwili na miezi kadhaa tangu ugonjwa umchukue, na kila kituo kuanzia hapa mpaka Kabianga kina kijana wake anayerap foleni. Mwezi jana, soko la Chepilat, vijana wawili walishindana tangu adhuhuri mpaka mvua, mmoja wa upande huu wa mpaka wa makabila, mwingine wa upande ule, na kilichorushwa ni maneno peke yake. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimeenda kununua viazi, nikarudi bila viazi.

Shida ni hii. Kanda yake ina nyimbo mbili tu, na imechezwa hotelini hadi inatoa sauti ya nyuki. Zile beti za foleni hakuna aliyezirekodi. Kwa hivyo kamati imeamua zikusanywe kabla hatujazisahau. Mwenyekiti ni mimi. Nilichaguliwa nikiwa nje nafunga ng'ombe.

Tunakuomba uje, Fundi. Uje na mtoto wa Calvince.

Wako mwenye kichwa wazi,
Johana Kipkosgei

*

Katito,
14 Septemba 1998

Mzee Johana,

Poleni kwa msiba. Ndama anaendeleaje?

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye cherehani na nimeshona mfuko wa shati mahali pa kola. Mwenye shati ni mwalimu, akija nitamwambia ndiyo mtindo wa Nairobi.

Ayoo sasa ana miaka minane. Alitoka huko mgongoni mwangu akiwa na miwili, tena tukikimbia, kwa hivyo hakumbuki kitu. Baba yake alikuwa akija Krismasi na siku mbili tatu za Pasaka, anamletea majani ya chai kwenye bahasha, anamrusha juu, anaondoka. Mwezi uliopita mwalimu aliwaambia watoto waeleze baba zao ni watu gani. Ayoo akasimama akasema, "Baba yangu alikuwa maarufu." Mwalimu akamuuliza, "Alikuwa maarufu kwa nini?" Akaketi. Alirudi nyumbani, hakulia. Alinikalia mbele ya cherehani akasema, "Shangazi, mimi simjui."

Mzee, nilitafuta la kumwambia nikapata kwamba na mimi namjua nusu. Namjua akiwa na kamasi. Huyo wa foleni mnaye nyinyi.

Kwa hivyo kusanya. Nimenunua daftari la mistari, lenye jalada gumu. Kila mtu na ukurasa wake: jina lake juu, ubeti wake chini. Nataka Ayoo akishika hilo daftari amsikie baba yake vile alivyokuwa. Usimpake mafuta. Mtu aliyepakwa mafuta hashikiki.

Kuhusu kuja, sijui. Usiniharakishe. Kuna barabara ambayo nikiifikiria miguu inauma kabla sijaitembea.

Wasalimie wanaonikumbuka.
Quinter Akeyo

*

Sosiot,
28 Septemba 1998

Fundi Quinter, chamgei,

Ndama ni mzima, asante. Amenona. Nadhani ilikuwa kofia nzuri.

Kazi imeanza na ninakutumia mavuno ya kwanza. Nilipita nyumba kwa nyumba na kalamu sikioni kama karani wa sensa, na kila mtu nilimuuliza, "Calvince alikuimbia ubeti gani?" Sikuamini vile watu wana kumbukumbu. Kipkurui wa mlimani hakufikiri hata dakika moja:

*Kipkurui, Kipkurui, majani yako ni dhahabu,*
*Hata lori likikuona linasimama kwa adabu.*

Fancy, yule jirani yangu wa kisimani, alifunga macho kwanza, akaweka mkono kifuani:

*Fancy akishika kikapu, mikono kama malaika,*
*Mabinti wote wa Belgut kwake wanafundishika.*

Mzee Kipngetich wa kanisa alinipa hii, na akaniomba niiandike kwa herufi kubwa:

*KIPNGETICH NI MTU WA SALA, MACHO YAKE NI MBINGUNI,*
*AKIKOHOA TU KIDOGO, AMANI INASHUKA FOLENI.*

Na mimi, kwa kuwa mwenyekiti hawezi kujiacha nje:

*Johana mkono wa hariri, kiongozi wa kamati,*
*Akinyoosha kidole chake, hata mvua inaketi.*

Nimeambatisha nyingine kumi na tano za namna hiyo. Mtoto atafurahi.

Wako,
Johana mkono wa hariri

*

Katito,
9 Oktoba 1998

Mzee Johana,

Nimemsomea Ayoo beti zote kumi na tisa. Nilipofika ya tisa alikuwa amelala.

Huyo si ndugu yangu. Huyo ni mgombea kiti. Calvince nilimlea mimi, na katika maisha yake yote nilimsikia akisifu viumbe wawili: mbuzi mmoja wa jirani, na timu ya mpira iliyokuwa imeshashuka daraja. Mimi dada yake, siku nilipoanza kazi ya ushonaji, aliniimbia kwamba sindano yangu inatafuta kitambaa kama kipofu anayetafuta mlango wa kanisa. Sasa unaniambia alimsifu Kipkurui?

Watu wako wamejishonea, Mzee. Kila mmoja amejipima mwenyewe na amejiongezea kifua.

Nikupe ushauri wa fundi: mtu hawezi kujipima mgongo. Usimuulize Kipkurui ubeti wa Kipkurui. Muulize Fancy. Na wa Fancy muulize Kipkurui. Mtu anaweza kusahau alivyochekwa, lakini jirani yake hajasahau hata nukta.

Daftari bado ni jeupe. Nilikataa kuandika.

Quinter

*

Sosiot,
24 Oktoba 1998

Fundi,

Wewe ungekuwa mpelelezi, jela zingejaa.

Nilianzia kwa Fancy. Nilimkuta kisimani. Nikasema, "Mama, unakumbuka ubeti wa Kipkurui?" Akatua mtungi chini polepole, kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka mitano. Akasema, "Ati alikuambia ni upi?" Nikamsomea ule wa dhahabu. Fundi, yule mama alicheka mpaka akashikilia mti. "Dhahabu! Wueh! Dhahabu ya kutoka mtoni! Andika, Baba Chepkemboi, andika:"

*Kipkurui ameosha majani, uso wake bado mkavu,*
*Mizani imeshikwa na homa, inakohoa mpaka mbavu.*

Na ni kweli, alikuwa akimwagia majani maji ili yawe mazito, sote tulijua. Baada ya ubeti huo aliacha. Kamati ya kituo ilikuwa imemwandikia barua tatu bila mafanikio.

Nikapanda mlima kwa Kipkurui. Sikumaliza hata swali. "Fancy? Keti chini, kaka. Keti, nikuletee maziwa ya mursik kwanza, hii inataka mtu aliyeshiba:"

*Fancy ameruka foleni, ati mtoto analia,*
*Mtoto mwenyewe ana ndevu, sigara anajivutia.*

Basi ikawa hivyo siku tisa. Nilikuwa nafukuzwa mlango wa mbele na mwenyewe, nakaribishwa mlango wa nyuma na jirani. Mzee Kipngetich, mtu wa sala, alifichuliwa na mke wake mwenyewe, Rodah, aliyenifuata mpaka kwenye lango akinong'ona:

*Kipngetich anaombea lori, amefunga macho kabisa,*
*Amina yake ni kukoroma, malaika wamechoka kusikiza.*

Na Mama Rebeccah, mwenye majani aliyokuwa akibeba Calvince, huyo peke yake ndiye aliyejifichua mwenyewe. Alisema, "Mimi ni mzee, sina cha kuficha, na kile kijiko bado ninacho."

*Mama Rebeccah bosi wangu, kijiko cha sukari kina shimo,*
*Nikikoroga chai yake nakunywa maji ya kipimo.*

Sasa huku ni vurugu tupu, ya kuchekesha. Jumanne foleni nzima ilikuwa inarushiana beti. Kipkurui alimwimbia Fancy, Fancy akamjibu, dereva wa lori alifika akazima injini akakaa kusikiliza, sasa lori linachelewa kwa sababu yetu. Kuna watu walikuwa hawajasemezana tangu kesi ya mpaka wa shamba, na nimewaona wakishikana mabega wakikumbushana ubeti wa mtu wa tatu.

Ninakutumia thelathini na moja, zote zimethibitishwa na majirani wasio na huruma. Andika sasa. Mkono umechoka, ng'ombe anaita, nakomea hapa.

Johana

*

Katito,
2 Novemba 1998

Baba Chepkemboi,

Sasa huyo ndiye.

Nilianza kusoma Ayoo akiwa anaosha vyombo. Kwenye mizani yenye homa aliangusha sahani. Kwenye ndevu alikuja na mikono ya sabuni akataka kujisomea mwenyewe. Sasa anazijua zote. Jana nilimtuma dukani, mwenye duka akachelewa kumhudumia, nikasikia kutoka barabarani sauti ndogo ikimwambia kwamba kobe wa kwao ameshaenda Kisumu na kurudi. Hiyo haimo kwenye barua zako, Mzee. Hiyo ameitoa mwenyewe. Nilikaa chini kwenye benchi la mteja nikasahau nilikuwa nakata nini.

Nimeandika kurasa thelathini na moja kwa mkono wangu mzuri. Halafu nikahesabu majina, nikaona moja halina ubeti uliothibitishwa. Ni lako.

Mimi nilikuheshimu nikasema umesahau. Lakini sheria ni sheria. Nilimtuma mama wa samaki anayekuja Sosiot Alhamisi ampelekee Mama Rebeccah karatasi ya kumuuliza: ubeti wa Johana ulikuwa upi? Jibu lilikuja kwa mdomo. Mama Rebeccah alisema, "Wa Johana aseme Johana." Nikasema labda amechoka. Nikatuma tena, aulizwe Kipkurui. Kipkurui, ambaye unasema hamalizi kusikia swali! Alimwambia mama wa samaki, "Hiyo siwezi." Fancy alimwambia anunue nyanya aende zake.

Sasa nakuuliza. Ni jambo gani hilo ambalo foleni nzima inalijua, na mimi dada yake silijui?

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mwaka ule wa vita vya makabila, mimi niliondoka na Ayoo siku nne mapema. Calvince alikataa kuja. Alisema Mama Rebeccah ana majani shambani na hawezi kuyaacha yakomae. Alisema, "Pale wananijua." Siku ya sita aliingia Katito kwa miguu, na nyayo zake ziliniogopesha. Nikamuuliza kulitokea nini. Akasema, "Nilipotea njia." Mpaka kufa kwake hakuongeza neno. Na baada ya miezi minane akarudi kwenu, nikamwita mwendawazimu, akacheka.

Ayoo anauliza kila siku kama tutaenda tarehe tano. Mtoto wangu siwezi kumpeleka mahali ambapo kuna kitu kimefunikwa na sijui ni nini. Niambie, halafu nitaamua.

Quinter

*

Katito,
21 Novemba 1998

Kwa Babu Johana,

Jina langu ni Ayoo Calvince. Niko darasa la pili. Hujambo? Mimi sijambo. Ndama hajambo?

Shangazi anasema huandiki tena. Kila Jumatatu anaenda posta. Anasema haendi kwa sababu yako lakini hakuna mtu mwingine anatuandikia.

Nimekuachia ukurasa. Ni wa thelathini na mbili. Nimeandika jina lako juu na rangi nyekundu. Chini ni peupe. Ikiwa ubeti wako ni mbaya usiogope. Wa Kipkurui ni mbaya na mimi nampenda.

Mwalimu aliniuliza tena baba yako alikuwa nani nikaimba zote. Alicheka mpaka akatoa miwani.

Ni mimi,
Ayoo

*

Sosiot,
26 Novemba 1998

Kwa Quinter, na kwa Ayoo ukiona inafaa,

Nimeanza barua hii mara sita. Mara tano nilianza na utani. Nimezichoma.

Ule ubeti wa hariri niliutunga mwenyewe. Hakuna aliyeuimba. Ukweli ni huu.

Mwaka wa tisini na mbili, siku nne baada ya wewe kuondoka, ilikuwa siku ya majani. Foleni ilikuwa fupi na watu hawakuwa wakizungumza. Calvince alikuja na gunia la Mama Rebeccah mgongoni. Nilikuwa mezani nachambua majani, kama kawaida ya mwenyekiti wa kituo, kutoa yale magumu. Likaja kundi la vijana, wengine ni wa huku, wengine sikuwajua, wana rungu na mishale. Mkubwa wao akatembea kando ya foleni, akafika kwa Calvince. Hakumuuliza yeye. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa kamati. Alisema, "Mzee, huyu ni mtu wa hapa? Unamjua?"

Quinter, ndugu yako alikuwa amekula kwangu siku mbili kabla. Kabla ya hapo alikuwa amelala jikoni kwangu wiki nzima, kwa sababu chumba chake kwenye laini za vibarua kilivunjwa. Chepkemboi wangu alikuwa anamwita mjomba.

Nilisema, "Simjui."

Sikuelekezewa mshale. Sikutishwa. Kama ningesema namjua, labda wangenipiga, labda wangeondoka, sitajua kamwe. Nilisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi, na nikaendelea kuchambua majani. Calvince aliteremsha gunia la Mama Rebeccah, akaliegemeza vizuri lisimwagike, akaenda. Walimsindikiza kwa mawe hadi kwenye daraja. Foleni yote ilikuwapo na hakuna aliyefungua mdomo. Ndiyo maana Kipkurui alikuambia hawezi. Ubeti wangu ukisemwa, kila mtu lazima aseme alikuwa amesimama wapi.

Hiyo ndiyo njia aliyokuambia alipotea.

Miezi minane baadaye, Jumanne, nikainua macho nikamwona ameketi juu ya gunia la Mama Rebeccah kana kwamba alitoka kwenda kunywa maji. Lori lilikuwa limechelewa. Watu walikuwa wanatazama viatu vyao. Akaanza kichwa cha foleni, mmoja mmoja, kama zamani. Watu wakaanza kucheka kwa woga, halafu wakacheka kweli. Mimi nilikuwa nahesabu waliobaki kabla yangu. Alipofika kwangu alisimama, akatoa kofia, akanyoosha mkono kama mtu anayejitambulisha kwa mara ya kwanza:

*Johana, mimi ni Calvince, mtoto wa laini ya chini,*
*Kimyet chako nimekula, nimelala kwako jikoni.*
*Ukiulizwa tena kesho, usitafute jibu mbinguni,*
*Sema: namjua huyu, ni wa kelele za foleni.*

Hakuna aliyecheka. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akaendelea na mtu wa nyuma yangu.

Nilidhani imekwisha. Jumanne iliyofuata alifika kwangu tena, akanyoosha mkono tena:

*Johana, mimi ni Calvince, simba simwogopi hata,*
*Lakini nitazunguka mlima nisipitie kwa bata.*

Na nyingine:

*Johana, mimi ni Calvince, mguu wangu ni namba saba,*
*Viatu navaa tisa, nilirithi kwa baba.*

Quinter, hakuacha. Wengine walikuwa na ubeti mmoja au beti tatu, Calvince akizirudia au akibadilisha neno. Mimi kila Jumanne nilipata mpya, miaka mitatu. Nilisema simjui, basi akanifundisha. Aliniambia anachopenda kula na ndoto aliyoota. Aliniambia vile ulivyomchapa kwa kuvunja sindano ya cherehani, na kwamba hakuivunja yeye. Aliniambia anaona haya kwenye jukwaa la Kericho kwa sababu taa zinamzuia kuona nyuso. Hakuwahi kunitukana hata mara moja. Ningeshukuru angenitukana.

Miezi ya kwanza nilikuwa naomba mvua inyeshe Jumanne. Baadaye nikaona kwamba tangu Jumapili nimeanza kungoja. Nilikuwa nikirudi nyumbani nausema ule ubeti njiani hadi mlangoni ili usinipotee. Ninazo tisini na tatu kichwani. Zilizobaki nimezipoteza na zinaniuma kama meno.

Nimekuandikia zote. Zimo kwenye bahasha kubwa ambayo mama wa samaki atakuletea, kwa sababu posta wangesema ni kifurushi. Nilipita kwa Kipkurui na Fancy na Mama Rebeccah nikawasomea, wakanisahihisha mahali patatu. Mara hii hakuna aliyenyamaza. Mwambie Ayoo ukurasa wa thelathini na mbili hautatosha. Aongeze daftari. Akiulizwa na mwalimu baba yake alikuwa mtu wa namna gani, asiketi mpaka kengele ilie.

Kuja au kutokuja ni kwako, na ukiamua kutokuja sitauliza kwa nini. Jumamosi nitakuwa barabarani tangu asubuhi, pale magari ya Sondu yanaposimama. Kabla ya beti za watu nitaisimulia foleni haya yote niliyokuandikia hapa, mbele ya vijana wanaorap, ambao wengi walikuwa watoto na hawajui. Nimemwambia mchungaji. Nimemwambia mke wangu na Chepkemboi. Chepkemboi hajanisemesha tangu juzi, ila leo aliniwekea chai.

Nimebakisha ubeti mmoja. Sikuutia kwenye bahasha kwa sababu nilitaka niuandike hapa kwa mkono huu. Ilikuwa Jumanne yake ya mwisho foleni, kabla hajalala kitandani. Alikuwa amekonda, sauti imekwisha, tulisogea karibu ili tusikie. Alinyoosha mkono:

*Johana, mimi ni Calvince, nina binti jina Ayoo,*
*Akicheka huko Katito, huku nasikia kwa moyo.*
*Siku nitakapomleta, nimeshika mkono wa huyo,*
*Msimuulize ni wa wapi. Sema: karibu, Ayoo.*

Foleni yote ilijibu, "Karibu, Ayoo!" Walipiga makofi kwenye magunia mpaka vumbi la majani likapanda. Mimi nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nimelibeba miaka mitatu, neno moja tu, *nakujua*, na siku hiyo lilifika mpaka kwenye meno. Lakini watu walikuwa wengi na wananitazama. Nikasema kimoyomoyo, nitamwambia Jumanne ijayo. Nikainama, nikachambua majani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Johana Kipkosgei